Wimbo Uleule, Masikio Mengine

Huku kwetu milimani Kilolo yapo maswali mawili ambayo mzee mstaafu kama mimi hakosi kuulizwa. La kwanza ni kama mvua zitawahi mwaka huu. La pili ni kwa nini bado anasikiliza nyimbo zilezile za zamani, hali siku hizi ziko nyimbo mpya kila asubuhi. La kwanza hujibu kwamba sijui. La pili nilikuwa nalijibu kwa kucheka tu, maana vijana huuliza bila kungoja jibu. Sasa nimefikisha miaka 76, nami nimeona afadhali nilijibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lenyewe nimelipata kwa gharama.

Watu hudhani mzee husikiliza nyimbo za zamani ili akumbuke ujana wake. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba ndani ya nyimbo hizo nasikia leo vitu ambavyo sikuvisikia kabisa nilipokuwa kijana. Sahani ya santuri haiongezi hata sauti moja tangu siku ilipofyatuliwa. Kanda haijifunzi neno jipya. Kama leo nasikia jambo geni katika wimbo nilioujua kwa miaka 50, basi aliyebadilika ni mimi. Naomba nieleze kwa utaratibu, kama tulivyozoea sisi walimu.

Nilianza kusikiliza muziki kwa miguu. Mwaka 1970 nilijiunga na Chuo cha Ualimu Mpuguso, kule Rungwe, nikitokea Kilolo, ambayo wakati ule ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Iringa. Wilaya yetu ilizaliwa mwaka 2002. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa ikijengwa, na tuliposhuka kwenye basi tulikuwa tumefanana wote kwa vumbi, mrefu na mfupi, mweupe na mweusi. Chuoni palikuwa na kinanda cha santuri kilichotolewa Jumamosi usiku bwaloni. Mwanachuo mmoja alikabidhiwa sindano ya kinanda kwa heshima ileile anayokabidhiwa mtu funguo za ghala, na ole wake aiangushe.

Tulicheza rumba, twisti na chacha. Kila bendi kubwa ya wakati ule ilikuwa na mtindo wake: NUTA Jazz na Msondo wao, Western Jazz na Saboso, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Sululu. Tulizibishania kama watu wanavyobishania timu za mpira. Lakini ungenisimamisha katikati ya dansi uniulize mwimbaji anasema nini, ningekutazama tu. Nyimbo nyingi za dansi za kwetu zilikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ya taratibu, mwimbaji anapotoa kisa chake, na ya pili ya kasi, magitaa yanapochemka. Sehemu ile ya kwanza tuliivumilia kama wanafunzi wanavyoivumilia hotuba ya mgeni rasmi huku harufu ya wali ikitoka jikoni.

Hatua ya pili nilisikiliza kwa kichwa, yaani maneno. Nilipomaliza chuo mwishoni mwa mwaka 1971 nilirudi nyumbani kula sikukuu. Siku ile ya Krismasi, tarehe 25 Desemba, Dk. Wilbert Kleruu, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa kwa kupigwa risasi na mkulima kule Isimani, wakati wa mivutano ya mashamba na vijiji vya ujamaa. Habari ilipopanda huku milimani, watu waliacha vyombo mezani. Baadaye Mbaraka Mwinshehe aliimba wimbo wa kumwomboleza, na mjini Iringa chuo cha ualimu kikapewa jina la marehemu, jina ambalo walimu wengi wa mkoa huu wameliandika kwenye vyeti vyao.

Wimbo ule niliusikiliza kama mtu anavyosikiliza taarifa ya habari: nani amefariki, alikuwa na cheo gani, taifa limepoteza nini. Nilikuwa mwalimu mpya, nikawafundisha hata watoto wa darasa langu wauimbe, nami nikawasahihisha matamshi. Leo nikiusikiliza, maneno ni yaleyale. Lakini tangu wakati ule nimesimama makaburini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nimejifunza kwamba msiba ni wa mke na watoto kabla haujawa wa taifa. Mkulima yule naye alihukumiwa kifo. Kwa hiyo sikukuu moja ilizifilisi nyumba mbili. Haya hayamo katika wimbo. Yamo ndani yangu, na wimbo ukipita huyagusa, kama upepo unavyougusa mlango ambao haukufungwa vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo kijana hawezi kulisikia hata akiwa na masikio ya paka. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Nilipokuwa chuoni alikuwa kwangu kaka mkubwa: sauti ya mtu aliyenitangulia, anayejua dunia. Miaka ikaenda, tukalingana. Kisha nikampita. Leo nimeishi zaidi ya mara mbili ya maisha yake, na sauti ileile niliyoiheshimu kama ya kaka naisikia kama ya mwanangu. Anapoimba habari za shida za dunia natamani kumwambia, pole mwanangu, kaa kwanza, kula. Picha ya ukutani nayo hubaki na umri wake, lakini picha haipumui. Santuri inapumua. Ukisogeza sikio utamsikia mtu akivuta pumzi kabla ya ubeti, pumzi ya kijana ambaye hajui kwamba zimebaki chache.

Hatua ya tatu ilinijia nilipostaafu mwaka 2009. Nikiwa kazini nilisikiliza muziki huku nikisahihisha madaftari au nikijaza fomu za takwimu za shule. Nilipoacha kazi nilijikuta kwa mara ya kwanza nimekaa kitini, mikono mitupu, wimbo unaimba. Ndipo nilipowasikia wapigaji wengine.

Katika dansi la Kitanzania hakuna gitaa moja. Yako matatu au manne yanayosemezana. Lipo la solo, ambalo kila mtu hulisikia. Lipo solo la pili, ambalo hujibu. Lipo la ridhimu, ambalo hurudia jambo lilelile bila kuchoka, na chini kabisa lipo besi. Kwa miaka 40 nilimsikia mpiga solo peke yake. Sasa, nikisikiliza kwa mfano nyimbo za Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, naweza kumfuata mpiga ridhimu tangu mwanzo hadi mwisho, nisimwache hata akifunikwa na tarumbeta. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka 30 na ushei, kwa hiyo mtu huyu namfahamu. Ni yule mwalimu wa darasa la kwanza ambaye hakuwahi kutajwa katika risala hata moja, hajawahi kupewa zawadi ya Mei Mosi, lakini siku akiugua shule nzima huyumba. Wazazi humsifu anayefundisha darasa la saba, kwa kuwa mtihani huonekana. Aliyewafundisha watoto wale kushika kalamu hasikiki. Yumo chini, anapiga ridhimu.

Masikio ya ujana yalinipotosha pia katika jambo la kwetu wenyewe. Wahehe tuna chombo kiitwacho ligombo, ubao uliochimbwa kama hori dogo, nyuzi zikapitishwa juu yake, na kibuyu cha kukuza sauti. Nilipokuwa mwalimu kijana nilimpita mara nyingi mzee mmoja aliyekuwa akipiga ligombo kwenye kilabu cha ulanzi. Nilimwamkia, "Kamwene," naye akaniitikia bila kuacha kupiga, nami nikaenda zangu kuwahi redio, maana nilidhani muziki uko redioni. Mzee yule alifariki na ligombo lake silijui lilikokwenda. Miaka michache iliyopita mjukuu wangu alinionyesha katika simu yake kazi za Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na vyombo vya makabila, na ligombo la Wahehe limo. Kwa hiyo leo, kulisikia ligombo, natazama kioo cha simu. Nilipokuwa na ligombo lenyewe hatua 10 kutoka njiani, sikusimama.

Sasa nifike kwenye kile nilichosema kimenigharimu.

Vijana hawajui jinsi wimbo ulivyokuwa mgumu kuupata. Sahani zetu nyingi zilifyatuliwa Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Bendi ziliendelea kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, lakini nyimbo zile zilikaa kwenye kanda za redio, hazikuuzwa dukani. Ukiupenda wimbo, ulingoja mtangazaji aupige. Ukitaka kuwa nao, iliyobaki ni kuunasa mwenyewe, kinasa sauti kikiwa mbele ya redio, na nyumba nzima imenyamaza.

Ilikuwa Jumapili moja ya Julai 1984, baridi ya huku kwetu ambayo ukungu huingia hata kwenye chungu. Betri zilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Tulizianika juani ili zirudishe nguvu kidogo, na huku Julai jua lenyewe ni la kuomba. Nilikuwa nimeazima kinasa sauti cha kaseti kwa mwalimu mwenzangu, nikapata kanda moja, nikaweka betri nilizozitunza kwa mwezi mzima. Kipindi cha muziki kikaanza. Wimbo niliokuwa nikiuwinda tangu Pasaka ukapigwa. Sitautaja jina, kwa kuwa kila msomaji anao wake. Nikabonyeza vitufe viwili, nikakaa nimeupa mlango mgongo, nimezuia hata kukohoa.

Sehemu ya taratibu ilipokaribia kwisha, mlango ukalia, na mke wangu akasema kwa sauti yake ya chini:

"Mwalimu, chai inapoa."

Nami nikamjibu kwa sauti ile niliyoitumia mstarini kwa wachelewaji:

"Hebu nyamaza! Huoni ninarekodi?"

Yote yakanaswa, sauti yake na yangu, kisha magitaa yakachemka. Wimbo ulipokwisha nikageuka, hayupo. Chai ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kisahani. Niliinywa imepoa, nimenuna, nikihesabu hasara ya betri. Hatukulizungumza jambo lile tena. Kanda niliiweka, lakini sikupenda kuipigia wageni, si kwa aibu ya ukali wangu, la hasha; niliona wimbo una doa.

Marehemu mke wangu naye alikuwa mwalimu, wa darasa la kwanza na la pili. Tulioana mwaka 1975 na akafariki mwaka 2016, na katika miaka yote hiyo aliniita Mwalimu, hata mbele ya watoto wetu, hata kitandani hospitali. Picha zake tunazo nyingi. Sauti yake hatukuwa nayo. Simu zetu zilikuwa zile ndogo za tochi, na nani hukumbuka kurekodi sauti anayoisikia kila siku? Mtu hukinga maji ya mvua kwa sababu anajua kiangazi kitakuja. Sauti ya mke wangu niliiona kama mto.

Miezi kadhaa baada ya arobaini nilikuwa natafuta hati ya shamba katika sanduku, nikaishika kanda ile. Umeme ulikuwa umekwisha kufika kijijini. Niliazima tena chombo cha kupigia, kama mwaka 1984, maana changu kilikuwa kimekufa. Nikasikia wimbo, nikasikia mlango, nikamsikia. Mwalimu, chai inapoa. Maneno matatu. Nilikaa pale hadi kuku walipoingia bandani.

Lakini baada ya maneno yake huja yangu. Mtu wa miaka 35 mwenye afya na cheo kidogo anamfokea mkewe kwa sababu ya kanda. Hilo sikuweza kulistahimili. Nikajifunza kubonyeza kitufe cha kusimamisha mara tu baada ya neno "inapoa", kabla sauti yangu haijaingia. Nilipata ustadi, sikukosea. Kwa miaka mitatu nilisikiliza hivyo: nusu ya wimbo, mlango, sauti yake, kitufe, kimya. Wimbo niliouwinda tangu Pasaka sikuufikisha tena mwisho. Msomaji ataona kwamba hapa nilikuwa nimerudi kuwa kijana wa bwaloni, nachagua sehemu ninayoitaka na kuikimbia nyingine.

Wakati huohuo masikio yangu yalianza kudhoofika. Daktari alinieleza kwamba uzeeni sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, kwa kuwa ndani ya sikio zimo chembe zenye vinyweleo vidogo ambazo zikifa hazioti tena. Nilianza kwa kutosikia panzi, kisha mlio wa birika, kisha watoto wadogo wakisema kwa pamoja. Nikaingiwa na hofu: itakuwaje siku nitakapopiga kanda nisimsikie? Na kanda yenyewe ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma. Unyevu wa huku huila, na kila ukiipiga huchakaa kidogo. Nikawa na vitu viwili vinavyochakaa, kanda na sikio, sijui kipi kitatangulia.

Ndipo mjukuu wangu, wakati huo akisoma kidato cha sita, alipokuja likizo na waya mdogo wa kuhamisha sauti kutoka kwenye chombo kwenda kwenye simu. Aliipiga kanda yote, akiwa amechomeka visikilizio masikioni, mimi nimekaa pembeni natazama uso wake nijue amefika wapi. Alipomaliza alisema kwa adabu:

"Babu, naweza kuusafisha. Nikatoa kelele za mlango, nikatoa na ile sehemu mnayozungumza. Wimbo utabaki safi."

Nikamwambia, "Sauti ya bibi yako usiiguse. Ya kwangu itoe."

Nakiri nilisema hivyo. Nilitaka mashine inifanyie lile ambalo nilikuwa nalifanya kwa kidole. Mtoto akarudisha nyuma atafute pa kukata, akasikiliza, akarudisha tena, akakunja uso.

"Babu, hapa baada ya kukaripia, kuna mtu anaimba."

"Ni waimbaji wa bendi hao."

"Siyo, babu. Yuko chumbani. Na mlango haujalia mara ya pili."

Alinivisha visikilizio, akaongeza sauti mpaka mwisho. Nilisikia magitaa, nilisikia besi, na nyuma yake kitu kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Zaidi ya hapo masikio yangu hayakufika. Basi nikamwomba aniimbie anachokisikia. Mtoto wa watu akaona haya, kisha akaimba kwa kuguna, mdomo umefumbwa. Ilikuwa sauti ya kiitikio, ya chini, imechelewa kidogo nyuma ya bendi.

Nilimtambua papo hapo. Ndivyo mke wangu alivyoimba siku zote, hata kanisani: nyuma kidogo ya wenzake, kama mtu anayewaachia wengine wapite mlangoni kwanza. Hakutoka. Nilimkaripia, naye akasimama pale nyuma yangu, akausikiliza wimbo pamoja nami hadi karibu na mwisho wake, akaitikia kiitikio. Miaka 35 nilidhani alikwenda zake na uchungu. Sisemi hakuudhika, mtu huudhika na bado akaimba. Lakini alibaki, na kama sauti yangu ya ukali ingekatwa, kubaki kwake kusingekuwa na maana yoyote. Mtu asiyefokewa kubaki chumbani si habari.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Usikate kitu."

Yeye alisikia, mimi nikaelewa. Na sidhani kama mmoja wetu angeweza kazi ile peke yake. Tangu siku hiyo sijasimamisha wimbo ule katikati. Nausikia ukali wangu, nainamisha kichwa, nangoja magitaa yachemke, na mahali ambapo najua anaimba naimba naye, ijapokuwa simsikii.

Nimepata kusoma kwamba Thomas Edison wa Marekani, aliyetengeneza fonografu mwaka 1877, mwaka uliofuata alitaja kazi ambazo mashine yake ingeweza kufanya. Kuandikisha barua ilikuwa mojawapo, na muziki pia. Lakini alitaja vilevile kuhifadhi sauti za watu wa familia, na maneno ya mwisho ya wanaoaga dunia. Sisi tuliifanya kuwa mashine ya dansi, na si vibaya. Ila nadhani kila rekodi ya muziki, hata ya dansi, ina kazi ile nyingine ndani yake. Wanamuziki wale waliingia studio ya Radio Tanzania siku fulani, mmoja ana mafua, mwingine amegombana nyumbani, wakapiga wote kwa pamoja, wakatoka wakaenda kula. Wengi wao hawapo. Muhidin Gurumo alifariki mwaka 2014, Marijani Rajab mwaka 1995, Hemedi Maneti mwaka 1990. Kijana husikia wimbo. Mzee husikia chumba chenye watu ndani yake.

Kama msomaji wangu ataniruhusu nimalize kama mwalimu, ninayo mambo machache ya kushauri. Kwanza, chagua wimbo mmoja unaoujua mno, uusikilize mara nne kwa siku nne, kila siku ukifuata chombo kimoja tu. Anza na ridhimu. Pili, ukiwa na kanda za zamani, zitoe kwenye unyevu, andika juu yake tarehe na mahali, uzihamishe kabla hazijanata. Kanda za redio yetu ya taifa zinao watunzaji wake pale TBC. Za sandukuni kwako huna mtunzaji ila wewe. Tatu, usiharakishe kusafisha. Jogoo aliyewika katikati ya wimbo mwaka ule hawezi kuwika tena. Nne, wanao wakikurekodi kwa simu zao usiwafukuze, na kama unaye mtu ambaye sauti yake ni mto kwako, kinga ndoo leo.

Mimi nina desturi yangu. Alhamisi jioni, ukungu unaposhuka juu ya misindano na taa za jirani zinapokuwa kama mayai, nakaa kitini na kusikiliza wimbo mmoja tu. Sisomi gazeti, sizungumzi. Mkwe wangu anayenitunza ameshazoea. Hufungua mlango taratibu, huweka kikombe mezani, hukifunika kwa kisahani, hutoka. Nikimaliza chai inakuwa imepoa, nami nainywa hivyohivyo.